Kompyuta ya Eliufoo na Zamu za Maji

Je, mtu anayebeba kazi za wenzake wote, kwa moyo mweupe na bila kunung'unika, anawasaidia au anawadhuru? Swali hili lilinijia katika wiki yangu ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo mjini Moshi, na nilipojiuliza sikuwa na jibu. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, nimezoea maswali ambayo majibu yake yamechapishwa katika kurasa za mwisho za kitabu. Ndugu zangu mnaosoma, nivumilieni niwasimulie habari za ofisi moja na nyumba moja, kwa maana lililotokea huko huenda linatokea sasa hivi katika idara yenu, katika kwaya yenu, au katika jiko lenu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na madirisha yake mawili yalitazama mlima. Asubuhi za Agosti kilele kilionekana hadi saa tatu hivi, kisha mawingu yakakifunika, nasi tukashusha mapazia na kuendelea na kazi. Tulikuwa wanne. Eliufoo, aliyeianzisha ofisi, alikuwa na miaka thelathini na minane. Gladys aliandika programu na kusema maneno machache aliyoyachagua. Jesse alihudumia wateja, na mzaha haukumkauka mdomoni. Wa nne ni mimi, Scola, niliyekuja kwa wiki kumi. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa, na mara nyingi aliyeichemsha alikuwa Eliufoo mwenyewe.

Kazi yetu kubwa ilikuwa programu ya zamu za maji. Mliokulia huku mnaujua mfongo. Kwa asiyeujua, huo ni mfereji wa kale unaochepusha maji ya mto huko juu karibu na msitu na kuyashusha hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zetu. Mfongo wa Masama, nyumbani kwa kina Eliufoo, ulihudumia kaya mia moja na arobaini. Maji hujaa usiku katika bwawa dogo, mlango wa bwawa hufunguliwa alfajiri, na ifikapo mchana bwawa limekwisha. Kwa hiyo kila kaya ina zamu yake, na ili asiwepo anayependelewa, kamati hupiga kura ya saa za zamu upya kila wiki. Zamani orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ghala la kahawa, na mvua ikaifuta, au mtu akaichana. Programu ya Eliufoo iliichukua orodha hiyo na kumtumia kila mkulima ujumbe wa simu Jumapili jioni ukimwambia siku yake na saa yake. Ugomvi wa maji ulipungua hata mchungaji akautaja kanisani.

Miongoni mwa waliotegemea ujumbe ule alikuwemo mama mzazi wa Eliufoo. Mama Eliufoo, kama wote walivyomwita, alitunza kitalu cha miche ya kahawa cha kikundi cha wajane: miche elfu moja na mia mbili, iliyosubiri mvua za vuli ili igawanywe na kupandwa. Mche wa kahawa kitaluni ni kama mtoto mchanga. Kitalu kile kilipata maji ya mfongo mara moja kwa wiki, na katika jua la Septemba kukosa zamu moja kulitosha kukiua.

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyoendeshwa. Kila programu iliyo hai hubadilika. Kaya huongezwa, namba za simu hubadilishwa, makosa hugunduliwa. Gladys na Jesse waliandika mabadiliko hayo na kuyaweka katika hifadhi ya pamoja, ghala la mtandaoni tulilolishiriki sote. Hata hivyo, hakuna lililowafikia wakulima mpaka Eliufoo aketi mbele ya kompyuta mpakato yake, akusanye kila kitu, akiandae kwa mkono na kukipeleka. Hatua zake hazikuandikwa popote. Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamwona akifuta mstari mmoja na kuandika mwingine kabla ya kupeleka.

"Kaka, mbona mstari huo haumo kwenye hifadhi ya pamoja?" nilimuuliza.

"Hiyo ni chumvi yangu, mdogo wangu," alijibu akitabasamu. "Naitia mwisho."

Nilifurahi kuonyeshwa chumvi ya mkubwa, na sikuuliza zaidi. Naomba mkumbuke kwamba sikuuliza.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa utaratibu uitwao DevOps, ambao hauwatenganishi wanaoandika programu na wanaoiendesha. Kila hatua huandikwa mahali ambapo wote wanaiona, na mabadiliko hupelekwa madogo madogo, mara kwa mara. Kompyuta iliyokodishwa mbali, kwenye wingu kama tunavyosema, huikusanya programu, huijaribu, na huikataa ikiwa ina kosa, pasipo kujali nani yupo na nani amesafiri. Nilijawa na bidii ya mtu ambaye hajawahi kukosea kazini kwa sababu hajawahi kuwa na kazi. Nikaomba dakika ishirini, nikachora ubaoni mishale mingi. Eliufoo alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi.

"Umeeleza vizuri, Scola," alisema. "Lakini hiyo mashine haimjui mama yangu. Mimi namjua. Nikikosea, simu ya kwanza inatoka kwake."

"Na siku ukiugua, Kaka?"

"Mangi haugui," Jesse alidakia, akimwita Eliufoo kwa cheo cha machifu wa Kichaga. "Mangi akipiga chafya tu, wilaya ya Hai nzima inaomba ruhusa kazini."

Tulicheka. Gladys hakucheka.

Jumapili moja Eliufoo alinialika kwake Shirimatunda, nikala mtori wa ndizi na familia yake. Mkewe, Digna, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kilema, na binti yao Kindness alikuwa na miaka minane. Simu ya Eliufoo ilikaa kando ya sahani. Iliita wakati wa sala ya chakula, ikaita tena kabla kijiko cha kwanza hakijafika mdomoni, naye akainuka na kutoka uani. Kindness aliichukua sahani ya baba yake na kuiweka kabatini bila kuambiwa na mtu.

"Ameshazoea," Digna aliniambia. "Wenzangu wanaogopa mke mwenza mwenye gauni, mdogo wangu. Wangu mimi ana chaja."

"Hapumziki kabisa, Dada?"

"Mwaka jana kwenye kipaimara cha mpwa wake alikaa ndani ya gari na laptopu mpaka keki ikakatwa. Picha zote za ukoo, yeye hayumo. Kindness amemchora pembeni kwa kalamu."

Ndugu msomaji, usimhukumu haraka. Eliufoo hakuwa mlevi, hakuwa mchoyo wa fedha, na sikumsikia akijisifu hata siku moja. Ila kila simu iliyoita ilimwambia neno lilelile, kwamba pasipo yeye hakuna kinachokwenda. Na neno hilo ni tamu. Mtu huweza kulizoea kama wengine wanavyozoea pombe ya mbege, na nyumba yake ikalipia.

Katikati ya Septemba Digna alichoka. Kaka yake, Onesphory, ambaye ni mwongoza watalii, alikuwa anaipandisha kwaya moja mlimani kwa siku saba, na nafasi moja ilikuwa wazi. Digna alimwandikisha mumewe bila kumwuliza, akaweka na sharti moja: simu itabaki kabatini. Eliufoo alibisha siku mbili, siku ya tatu akakubali. Ijumaa asubuhi alipita ofisini akiwa na begi mgongoni, amependeza na mwenye wasiwasi.

"Nashuka Alhamisi," alituambia. "Msiguse kitu mpaka nirudi."

Kompyuta yake aliifungia nyumbani, na nywila aliijua yeye peke yake.

Alasiri ya siku hiyo hiyo kamati ya mfongo ilipiga simu. Kaya kumi na mbili mpya zilikuwa zimemaliza kushiriki msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, na mkutano ulikuwa umezikubali. Zilitakiwa kuingia kwenye zamu za wiki iliyofuata. Jesse alikata simu, akakuna kichwa.

"Nimeshawaambia ndiyo."

"Umemwahidi nani?" Gladys aliuliza.

"Kamati nzima. Walikuwa wameweka spika."

Gladys alifikiri kwa muda mrefu. Ruhusa ya kupeleka alikuwa nayo tangu zamani, hakuwahi kuitumia. Siku yote ya Jumamosi aliikusanya programu kutoka hifadhi ya pamoja, akaisoma, akaijaribu kadiri alivyoweza, akaipeleka. Mimi nilikaa kando yake. Niliikumbuka ile chumvi, lakini sikujua ilikuwa mstari gani, na niliogopa kuonekana mwanafunzi anayezungumzia asichokijua. Nikanyamaza. Jumapili jioni ujumbe ulizifikia kaya zote mia moja na hamsini na mbili, Jesse akatuandikia kwenye kundi la simu kwamba Mangi akirudi atakuta tumempindua.

Jumatatu yote tulisubiri lawama, hazikuja. Baadaye tulielewa kwamba wakulima wale waliona aibu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekosea kusoma, au kwamba jirani wa juu yake amemwibia maji. Jumatano asubuhi Digna alipanda ngazi za ofisi akiwa na simu ya mumewe mkononi.

"Hii imeita kabatini tangu jana," alisema. "Nilikuwa nimeapa siipokei. Leo nimepokea kwa sababu ni mama mkwe, na ni mara ya tisa. Anasema hajapata maji, na kule juu watu wanaitana wezi."

Tulipanda Masama kwa gari la Jesse, sisi watatu pamoja na Digna, na njiani hakuna aliyetania. Tulimkuta Mama Eliufoo ameinama kitaluni, anamwagia miche maji ya kunawia kwa kikombe. Majani yalikuwa yamelegea, mengine yakijikunja kingo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, msikanyage huko."

Alitusimulia bila haraka. Ujumbe wake ulisema Jumanne, saa 6. Saa sita mchana alikwenda mfongoni na jembe, akakuta tope. Hapo ndipo alipomgeukia Mzee Melkior, mlinzi wa bwawa kwa miaka ishirini na miwili, akamwambia mbele ya watu kwamba ameyauza maji yao kwa wakulima wa nyanya wa huko chini. Mzee Melkior aliweka ufunguo wa mlango wa bwawa juu ya jiwe, akaenda nyumbani kwake. Na leo, Jumatano, hakuna aliyefungua.

"Lakini una hakika gani kuwa ni yeye, Mama?" Digna aliuliza.

"Ujumbe ni wa Eliufoo," alijibu. "Mwanangu hakosei. Sasa kama mwanangu hakosei, mwizi ni nani? Ni Melkior."

Gladys aliomba daftari la kamati, lenye kura za wiki ile. Likaletwa. Akaliweka kando ya simu ya Mama, akafuata mstari kwa kidole. Katika daftari zamu ya kitalu ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili alfajiri. Akaomba simu ya jirani: daftari lilisema saa tatu asubuhi, ujumbe ulisema saa 9. Akaomba ya tatu.

"Ni saa sita," alisema. "Kila mtu amesogezwa saa sita."

Hapo nikaielewa ile chumvi. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Sisi huanza na jua. Alfajiri ambayo sisi tunaiita saa kumi na mbili, kompyuta huiita saa sita. Mstari ambao Eliufoo aliuandika kwa mkono kila mara mahali pa ule aliokuwa akiufuta ndio uliozigeuza saa za kompyuta kuwa saa za watu. Katika hifadhi ya pamoja haukuwepo. Kwa siku mbili Mzee Melkior alikuwa amefungua mlango alfajiri kama siku zote, maji yakapita mbele ya vihamba ambavyo wenyewe walikuwa bado ndani, yakarudi mtoni.

Niliwaambia wote kwamba nilimwona Eliufoo akiuandika mstari ule na sikusema. Hakuna aliyenikaripia; afadhali wangenikaripia.

Mama Eliufoo aliingia ndani, akabadili kanga, akatoka.

"Gladys, nisindikize," alisema.

Tuliwafuata kwa mbali. Mzee Melkior alikuwa nje ya zizi akimkatia ng'ombe mgomba, na wajukuu wake wawili wakikusanya vipande. Hakuinua kichwa.

"Umeniita mwizi mbele ya hawa," alisema.

"Nilikuita," Mama Eliufoo alijibu. "Nimekuja kukuita Melkior, mbele yao hao hao."

"Ungeuliza swali moja tu. Melkior, umefungua saa ngapi? Nisingekuficha."

"Sikuuliza. Nilikuwa na simu mkononi, nikaona imeshanijibu."

"Kosa ni letu, mzee," Gladys alisema. "Mimi ndiye niliyeupeleka ujumbe ule."

Mzee alimtazama. "Na aliyekuachia kazi bila maelekezo yuko wapi?"

"Yuko mlimani."

"Basi huko juu hata mfongo haufiki," alisema, akalifuta panga lake kwenye majani. "Mmoja wenu anirudishie ufunguo wangu. Sitauokota mwenyewe."

Mama Eliufoo aliuokota juu ya jiwe na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Jesse alitaka tutume ujumbe mpya papo hapo, lakini Gladys alikataa. "Sijui ametia chumvi nyingine ngapi," alisema. "Nimeshapeleka nisichokijua mara moja. Inatosha." Tukaligawana daftari, tukapiga simu kaya kwa kaya hadi sauti zikakwaruza, tukimsomea kila mkulima saa yake na kumwomba radhi. Wengine walitusamehe kabla hatujamaliza sentensi, mmoja akatusomea sisi orodha ya mboga zake zilizokufa. Wajane walikuja na ndoo. Maji ya bwawani yalikuwa ya zamu za wengine, na mlango usingefunguliwa hadi alfajiri, kwa hiyo tulishuka mtoni na kupanda, tukashuka na kupanda, mpaka kila mche ukapata kikombe kimoja.

Alhamisi mchana Eliufoo aliteremka mlimani. Digna alimpokea kwenye lango la mlima na kumleta moja kwa moja Masama, midomo ya mumewe ikiwa imebabuka kwa baridi. Eliufoo alisimama kitaluni akitazama miche iliyolala. Mia nne na themanini haikuinuka tena.

"Niliwaambia msiguse kitu," alisema polepole, akimtazama Gladys.

"Na kaya kumi na mbili zingekaa bila maji mpaka ushuke?" Mama yake aliuliza.

Eliufoo aliinama, akauinua mche mmoja ulionyauka.

"Kaka," Gladys alisema, "miaka mitatu nimekuomba unionyeshe hatua zako. Kila nilipoomba, ulinichemshia chai."

Sijapata kumsikia Gladys akisema maneno mengi kuliko hayo kwa mara moja. Eliufoo alivuta kiti cha mbao, akaketi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mtu aliyechoka tu, wala si nguzo ya kitu chochote.

"Mama, sikutaka kumnyima mtu," alisema. "Nilitaka wasisumbuke."

"Najua. Ila mimi nimemtukana mtu wa haki kwa sababu nilikuamini kupita kiasi. Usinifanye nikuamini hivyo tena, mwanangu. Nipe kitu ambacho mimi na Melkior tunaweza kukikagua."

Eliufoo alimtuma Jesse mjini kuichukua ile kompyuta. Waliiweka juu ya meza ya kuanikia kahawa. Eliufoo alitaja kila alichokuwa akikifanya kwa mkono, na Gladys akaandika. Tulidhani zitakuwa hatua mbili au tatu. Zilikuwa kumi na moja. Nyingine hata yeye mwenyewe alizisahau mpaka vidole vyake vilipofika kwenye kibodi na kuzikumbuka.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za kazi ya pole na ya furaha. Chumvi zote kumi na moja ziliingia katika hifadhi ya pamoja. Tulikodi kompyuta kwenye wingu, nami nikapewa kazi ya kuiandikia maelekezo. Kila badiliko, hata la namba moja ya simu, sasa linapita kwake. Nayo huchukua saa tulizonakili kutoka daftari la kamati, huandaa ujumbe wa kila kaya, na kuulinganisha nazo saa kwa saa. Zikitofautiana hata kwa kaya moja, haipeleki. Nakala ya majibu yake hutumwa kwa Mzee Melkior, ambaye huisoma kwa miwani na kuwasomea wengine bwawani. Badiliko la kwanza kukataliwa lilikuwa la Eliufoo mwenyewe.

"Mangi," Jesse alimwambia, "mashine imegoma kukuamkia."

Eliufoo alicheka, akalirekebisha, akalipeleka tena. Jumamosi ile alilala mchana sebuleni kwake, na Digna aliniambia kwamba Kindness alifanya hesabu za shule juu ya mgongo wake hadi zote zikaisha.

FUNZO

Ndugu zangu, tumezoea kuonywa dhidi ya mvivu na mwizi. Nami naomba tuonyane pia kuhusu mtu mwema ambaye ujuzi wote wa kazi umefungwa kichwani mwake. Anapokuwa hayupo, kazi hupotoka. Anapokuwepo, nyumba yake humkosa. Na lililo baya zaidi ni kwamba, kwa kuwa hakuna anayeweza kumkagua, wanaomtegemea hulazimika kuamini kwamba hakosei, na siku akikosea watamtafuta mwizi miongoni mwa majirani. Andikeni hatua zenu. Fanyeni mabadiliko madogo yanayoonekana, muwaache na wengine wayapeleke kwa zamu, na mkubali kukaguliwa, hata na mashine, hata na mzee wa bwawa. Anayewafundisha wenzake hapungukiwi na chochote, ila hupata usingizi. Na wewe unayeona mkubwa wako akitia kitu ambacho hakimo kwenye maandishi, uliza, na ukiona haya, uliza hivyo hivyo.

Hayo nawaambieni nikiwa nami nimeonja. Katika wiki yangu ya mwisho Jesse aliniambia, "Scola, ukirudi chuo tutakuwa tunakupigia tu. Faili lile la maelekezo ya wingu unalijua wewe." Nikagundua kwamba ni kweli. Tangu nilipoliandika, hakuna mwingine aliyeligusa. Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi. Nilijiona nikiwa darasani, simu ikitetemeka, nikiomba ruhusa ya kutoka kwa sababu huko Moshi hawawezi bila mimi. Furaha hiyo niliibeba siku mbili nzima bila kusema neno.

Ijumaa saa nne, wote watatu wakiwa na vikombe mkononi, nilisimama.

"Siondoki kesho," niliwaambia. "Nimemwandikia msimamizi wangu chuoni kuomba wiki moja zaidi. Jumatatu Jesse ataliandika faili lile upya tangu mstari wa kwanza, Gladys atalikagua, na mimi sitagusa kibodi. Likishindikana Jumatatu, tutarudia Jumanne. Nitaondoka Moshi siku ambayo toleo jipya la programu litapelekwa Masama nikiwa simo chumbani."